Tulivyomkomboa Kamala

Mkanda ule ulifika mtaani kwetu Temeke mwaka 1995, umeviringishwa ndani ya kanga, kwenye begi la mtu aliyerudi kutoka Maskati. Ganda lake halikuwa na picha, ila neno moja lililoandikwa kwa kalamu ya wino: MIELEKA. Mwenye kibanda umiza aliukodi, akauonyesha kila jioni kwa wiki mbili, mpaka mistari myeupe ikaanza kukatiza kwenye kioo. Mwenye shilingi 50 aliingia akakaa kwenye benchi la mbao. Asiyekuwa nazo alibaki nje, jicho lake kwenye tundu la msumari. Mimi niliutazama mkanda ule mara tisa, na katika hizo tisa, sita niliutazama kupitia tundu la bati.

Ndani ya mkanda alitokea mtu aliyetunyamazisha sote. Alikuwa mrefu, mnene, miguu peku, kiunoni kafunga nguo ya chui, usoni kapakwa rangi, na mwilini kachorwa nyota na mwezi. Alishika mkuki na uso wake ulikuwa nyuma ya kinyago. Hakusema neno. Alijipiga tumbo kwa viganja na kuzitazama taa kama mtu ambaye hajawahi kuona taa. Mbele yake alitangulia mwingine aliyefunika uso kwa kitambaa na kuvaa kofia ngumu ya wazungu wa zama za ukoloni, akimwongoza kama mtu anayeswaga ng'ombe. Mwenye kibanda, aliyekuwa na Kiingereza kidogo, akatutangazia: "Huyu anaitwa Kamala. Jitu kutoka Uganda."

Kibanda kizima kikageuka kumtazama mzee mmoja, jirani yetu, aliyekaa benchi la nyuma. Kila mtu alijua kwamba alikuwa askari katika Vita vya Kagera, na kwamba aliingia Kampala pamoja na jeshi la Tanzania Aprili 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka. Mzee alikikazia macho kile kioo, kisha akasema taratibu: "Mimi Uganda nimeitembea kwa miguu, kutoka Mutukula mpaka Kampala. Waganda nimewaona. Wanavaa kanzu, na juu ya kanzu wanavaa koti. Huyu simjui." Akainuka, akatoka. Sisi watoto tulimwonea huruma. Tulidhani uzee umempokonya kumbukumbu, kwa maana televisheni ilikuwa imeshasema.

Mpinzani wa Kamala alikuwa Undertaker, ambaye kwa ndimi zetu aliitwa Andateka: kofia nyeusi, koti refu jeusi, nywele zilizolowa, na mwendo wa mtu asiye na haraka kwa kuwa anajua utamfikia tu. Kando ya ulingo liliwekwa jeneza, na Kamala, pamoja na ukubwa wake wote, aliliogopa. Mwishowe Undertaker alimpiga kwa chombo cha majivu ya maiti, kile ambacho meneja wake, Paul Bearer, alikibeba siku zote kifuani. Kamala akalala chali, mwamuzi akahesabu tatu. Undertaker akamsukumia ndani ya jeneza, akashusha kifuniko, akakipigilia misumari.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba pambano lile lilifanyika tarehe 25 Novemba 1992, Richfield, jimbo la Ohio, na kwamba Agosti ya mwaka huo wawili hao walikuwa wamekutana katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu wapatao 80,000. Jioni ile hatukujua lolote la hayo. Tulitoka kibandani tukatembea kimya mpaka kwenye bomba la maji, na hapo mmoja wetu akauliza swali lililokuwa vichwani mwetu sote: "Sasa atatokaje mle?"

Sisi wa Bara tulichelewa kuipata televisheni. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962, na Zanzibar, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba nchi maskini ina mambo mengine ya kutangulia, na redio ikabaki kuwa sauti ya kila nyumba. Katika miaka ya 1980, Ali Hassan Mwinyi alipoilegeza milango ya biashara na wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa, deki za video na mikanda yake zikaanza kumiminika kutoka Dubai na Maskati. Ilipofika 1994 ndipo vituo vya binafsi, CTN, DTV na ITV, vilipoanza kurusha matangazo jijini Dar es Salaam. Kwa hiyo mtoto wa umri wangu aliiona televisheni yake ya kwanza akiwa tayari na meno ya ukubwani.

Mtaani kwetu ilikuwapo moja ya nyumbani, ya chogo, inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri la gari. Antena yake ilifungwa juu ya mwanzi. Mtoto mmoja aliuzungusha mwanzi uani, mwingine dirishani akipiga kelele: "Bado chenga! Bado! Hapohapo! Aa, ushapitiliza!" Picha iliyopatikana kwa jasho la namna hiyo haikuwa kitu cha kutazama na kusahau. Uliibeba mpaka kitandani, na asubuhi uliitafutia mwili wa kuingia.

Michezo tulikuwa nayo. Wasichana walitawala rede na mdako. Wavulana tulikuwa na gololi, na chandimu ya mpira wa makaratasi uliofungwa kamba za katani. Giza lilipoingia, wote kwa pamoja tulicheza kombolela. Na mieleka yenyewe haikuwa ngeni. Mweleka ni neno la wazee wetu: ukipigwa mweleka, umebwagwa, mgongo umeigusa ardhi. Wavulana walibwagana mchangani kabla hatujazaliwa. Kitu kipya kilichotoka kwenye mkanda kilikuwa hadithi. Tulifundishwa kwamba bwagano la dakika tano linaweza kuwa na steringi na adui, mavazi, namna ya kuingia, kisasi cha wiki iliyopita na ahadi ya wiki ijayo.

Basi tukagawana majina. Mvulana mmoja mwembamba, mpole wa sauti, akawa Undertaker kwa sababu bibi yake alikuwa na kaniki kuukuu. Alijitanda ile kaniki mabegani, akatembea taratibu kutoka kwenye mlango wa choo cha uani, nasi tukahisi baridi kweli, ingawa jua la Dar es Salaam lilikuwa utosini. Chombo cha majivu kilikuwa kopo la Kimbo. Mkanda wa ubingwa tuliutengeneza kwa boksi la sabuni, tukaupachika visoda vilivyopondwa kwa jiwe na karatasi za kung'aa kutoka kwenye paketi za sigara. Mtangazaji wetu hakuweza kuwaiga Wamarekani, maana hatukuelewa walichosema. Aliwaiga watangazaji wa mpira wa Radio Tanzania, akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, na kwa kinywa chake Undertaker wa Temeke aliingia eneo la hatari, akamzunguka beki, na uwanja mzima ukasimama.

Uwanja wenyewe ulikuwa rundo la mchanga wa ujenzi mbele ya pagale moja ambalo mwenyewe aliishiwa fedha. Kamba za ulingo zilikuwa za kuanikia nguo.

Akabaki Kamala. Hakuna aliyelitaka jina lile, kwa kuwa sote tulijua mwisho wake. Tukampa mwenzetu mmoja kwa sababu alikuwa mnene na mweusi kutuzidi, na tulimpa bila kumuuliza. Kila jioni alichorwa nyota tumboni kwa chaki, kila jioni alipigwa kopo la Kimbo kichwani, na kila jioni aliingizwa kwenye boksi kubwa la friji tulilolipata nyuma ya duka, tukalifunga na kugonga juu yake kwa mawe kuigiza misumari. Alikuwa akicheka. Mimi nilikichukua kile kicheko kuwa ruhusa.

Kuhusu boksi lile tulikuwa na mabishano ya kweli. Waislamu miongoni mwetu walisema lile si jeneza, kwa sababu jeneza hubeba maiti mpaka makaburini, kisha hurudishwa msikitini limngoje mwingine. Linaloingia kaburini na mtu wake ni sanduku. Wakristo wakasema vyovyote litakavyoitwa, misumari ni misumari. Bibi mwenye kaniki alipotukuta tumemfungia mtoto wa watu ndani ya boksi na kuimba, alitupa ungo wake chini. "Uchuro huo! Mnaita nini hapa? Mnaita nini?" Tulikimbia, tukamwacha mwenzetu ndani. Ni bibi aliyemfungulia.

Siku ya ajali nilikuwa steringi mimi. Nilipanda juu ya ukuta wa pagale, kimo cha mtu mzima na ziada, nikanyoosha mikono kama nilivyoona kwenye mkanda. Chini yangu Kamala wetu alikuwa amelala chali mchangani. Mtangazaji akahesabu, nikaruka. Nikiwa hewani nilimwona akiviringika pembeni. Mchanga pale ulikuwa umeshachotwa na mafundi. Nilidondokea kwenye kokoto, na mkono wangu wa kushoto ukatoa sauti ya kijiti kikavu.

Nilikaa na hogo mkononi majuma sita. Mchezo ulipigwa marufuku nyumba zote, boksi likachomwa moto. Na lawama zote zikamwangukia Kamala: kwa nini alikwepa? Alichapwa kwao, akachapwa na wenzetu, na mimi niliyejua ukweli nilinyamaza. Siku ya nne alikuja kunitazama. Aliketi kwenye mkeka, akaangalia hogo, kisha akasema jambo ambalo sijawahi kulisahau: "Hukuniuliza. Uliruka tu. Hukuniuliza kama niko tayari."

Wakati huo kaka yangu alikuwa sekondari, na ndiye aliyenifumbulia siri. Wale wanaigiza, alisema. Mshindi anajulikana kabla ya kengele. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mwaka 1989 kampuni iliyoendesha mieleka ile, ambayo wakati huo ilikuwa WWF na tangu 2002 inaitwa WWE, yenyewe ilikiri mbele ya baraza la seneti la jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani na si mashindano, ili isibanwe na kanuni zinazosimamia ngumi. Kaka alidhani ataivunja furaha yangu. Lakini maneno yake yalikutana na maneno ya rafiki yangu, na kwa pamoja yakanifungua macho.

Kama wale wanaigiza, basi anayerukiwa hakimbii. Hulala pale kwa makusudi, akampokea mwenzake kwa mikono na kifua ili wote wawili wainuke salama. Undertaker alipomgeuza mtu kichwa chini miguu juu na kupiga naye magoti, sisi tuliona ukatili. Kumbe kichwa cha mtu yule kimehifadhiwa kati ya mapaja, na magoti ya anayembwaga ndiyo yanayopokea sakafu. Na kinga hiyo ikikosekana, hata mabingwa huumia. Agosti 1997 Owen Hart alimgeuza Steve Austin vivyo hivyo, akashuka kwa makalio badala ya magoti, na Austin akaumia shingo, jeraha lililomsumbua mpaka akaachana na ulingo. Mieleka ya televisheni ni kazi ya watu wawili wanaolindana huku wakijifanya maadui. Sisi tuliuiga uadui. Ulinzi haukuonekana kwenye kioo.

Wala hatukuwa wa kwanza kuiga. Oktoba 1983 kijana mmoja mwanafunzi wa chuo, Mick Foley, aliomba lifti barabarani mpaka Madison Square Garden, New York, akamwona Jimmy Snuka akiruka kutoka juu ya uzio wa chuma. Alirudi akiwa amewaka moto, akaanza kuruka yeye na rafiki zake nyumbani, kamera ya video ikiwarekodi. Juni 1998, Undertaker yule yule wa mkanda wetu alimtupa Foley kutoka juu ya uzio wa chuma, mbele ya dunia nzima. Hata waliokuwa ndani ya kioo walianza kama watoto wa mchangani.

Hogo lilipotoka, nilimwendea rafiki yangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikamwomba radhi. Kisha tukakaa juu ya rundo lile la mchanga na kutunga mchezo upya, yeye akisema, mimi nikikubali.

Sharti la kwanza alilitoa yeye: kabla ya kumshika mtu, muulize, "Uko tayari?" Asipojibu, hakuna mchezo. La pili: anayebwaga lazima ashuke pamoja na anayebwagwa, mkono wake mmoja ukiwa kwenye kisogo cha mwenzake. La tatu: hakuna kuruka kutoka mahali palipo juu ya kiuno. La nne: ukisikia "basi", ni basi, hata kama umebakiza hesabu moja kuwa bingwa. La tano: jina la Kamala litazunguka, kila mtu zamu yake.

Na ndipo tukalijibu lile swali la bombani. Kombolela kila mtoto wa Pwani anaijua: mmoja hulilinda kopo, wengine hujificha, anayeonekana hutajwa jina na kuwa mateka, lakini akichomoka mmoja mafichoni akawahi kulipiga kopo teke, mateka wote wako huru. Ukombozi umo ndani ya jina lenyewe. Tukaiunganisha na mieleka. Aliyebwagwa na kuhesabiwa tatu aliingia kwenye boksi jipya, safari hii wazi juu, kwa heshima ya bibi. Mshindi alisimama na kopo la Kimbo akilinda. Wengine tulijificha nyuma ya pagale, kwenye michongoma, chini ya mkokoteni wa maji. Mshindi alitoka kututafuta, na hapo mmoja alichomoka, akalipiga kopo likaruka likilia juu ya mawe. Kamala aliinuka kutoka boksini akijipiga tumbo kwa viganja, na mtaa mzima ulipiga kelele.

Wasichana, ambao mieleka haikuwahi kuwavuta, waliingia kwenye mchezo huu siku ya pili yake. Na ikawa ajabu kwetu sote: jina lililokuwa adhabu likagombewa. Kila mtoto alitaka kuwa Kamala, kwa sababu Kamala ndiye aliyefuatwa. Tulicheza hivyo karibu miaka miwili, na hapakuwa na mfupa mwingine uliovunjika.

Nilikuwa mtu mzima nilipoisoma habari ya Kamala mwenyewe. Jina lake lilikuwa James Harris. Alizaliwa tarehe 28 Mei 1950 huko Senatobia, Mississippi, na utotoni alichuma pamba. Aliingia ulingoni kwa majina mengine, na kwa muda alipigana Uingereza, ambako hakuficha alikotoka: walimtangaza kuwa mtu wa Mississippi. Mwaka 1982, huko Memphis, Jerry Lawler na Jerry Jarrett walimtungia jina la Kamala na Uganda yake. Picha za kumtambulisha, zilizopaswa kuonekana kama msituni Afrika, zilipigwa kwenye shamba la Jarrett, Tennessee. Watazamaji waliambiwa kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin.

Niliposoma hapo nilimkumbuka mzee wa benchi la nyuma. Ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu yeye na wenzake waingie Kampala. Vita alivyovipigana kwa miguu, akazika wenzake njiani, vilikuwa vimeshageuzwa pazia la maigizo upande wa pili wa dunia, na maigizo hayo yakarudi kwetu ndani ya kanga, yakamkuta kibandani, nasi tukayaamini kuliko tulivyomwamini yeye. Uganda nayo haikuulizwa kama iko tayari. Mzee alikuwa ameshafariki. Radhi ambayo nilimwomba rafiki yangu, kwake nilichelewa.

Harris sikuweza kumchukia. Alikuwa mtu maskini aliyepewa mkuki na kuambiwa anyamaze, na kwa kunyamaza huko alilisha familia. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba malipo yake yalikuwa madogo mno kulinganisha na ya wapinzani wake. Nje ya ulingo aliendesha malori na kutunga nyimbo. Kisukari kilimpotezea mguu mmoja mwaka 2011 na wa pili 2012. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020, akiwa na miaka 70.

Siku nilipoipata habari ile nilimpigia simu Kamala wetu. Naye sasa ni dereva wa lori, anapeleka mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Kampala. Nilimkuta Mutukula, kwenye foleni ndefu ya malori yaliyosubiri majibu ya vipimo vya korona ili yavuke. Nilimweleza yote: Mississippi, pamba, shamba la Tennessee, miguu. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kumbe na yeye alichaguliwa tu," akasema.

Tukaagana. Usiku alinitumia ujumbe, na nimeuhifadhi mpaka leo. Aliandika kwamba amekaa na madereva wa Kiganda kwenye moto wa chai, akawauliza kama wanamjua Kamala, jitu la Uganda. Hakuna aliyewahi kumsikia. "Nimewasimulia mimi," aliandika. "Nimewasimulia mpaka kwenye kopo."